Filamu ya Kibengali isiyo na rangi, na faili moja ya .srt

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za wateja zilinibana. Leo siandiki kuhusu PHP wala hifadhidata, nataka tuzungumze sinema. Vumilieni, kompyuta itaingia humu humu.

Mwaka 2009, nikiwa na miaka 17, rafiki alinipa diski yenye Pather Panchali, filamu ya Satyajit Ray iliyotoka mwaka 1955. Ilipoanza nilidhani kadi ya video imekufa. Nyeusi na nyeupe, lugha Kibengali, hakuna ngumi, hakuna watu wanaoimba wakizunguka mti. Sisi wa Kitui filamu za Kihindi tulizijua kwa sauti ya DJ Afro! Nilikaribia kuizima.

Kisha Durga na mdogo wake Apu wakakimbia katikati ya nyasi ndefu zenye maua meupe kwenda kuona treni. Nikakaa kimya. Mjini kwetu Kitui hakuna reli. Likizo nilikuwa napelekwa kwa shangazi, Kibwezi huko Makueni, na kabla hata ya kunywa chai tulishakimbilia relini kusubiri treni ya Mombasa. (Reli yenyewe ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na wengi wa vibarua walitoka India.) Baadaye nilisoma kwamba Ray alipoanza kupiga sehemu hiyo, aliporudi kuimalizia alikuta ng'ombe wamekula maua yote, ikabidi asubiri msimu mwingine. Mfugaji yeyote wa Makueni ataelewa.

Sasa maoni yangu. Filamu hii inatufikia kwa manukuu ya Kiingereza, na Kiingereza kinaharibu data njiani. Bibi kizee wa nyumba ile watoto humwita "pishi", yaani dada wa baba. Kiingereza kinaandika neno ambalo laweza kuwa dada wa baba au wa mama, hata mke wa mjomba. Sisi tunalo neno kamili: shangazi. Ukiipa mashine ya kutafsiri yale manukuu ya Kiingereza, haiwezi kujua ni shangazi au mama mdogo, maana habari hiyo ilishatupwa. Ni kama picha ya JPEG uliyoibana kupita kiasi. Huwezi kurudisha kilichopotea. Halafu Apu humwita Durga "didi", dada mkubwa. Usidanganyike na sauti: "dada" kwa Kibengali ni kaka!

Faili ya .srt ni maandishi matupu. Namba, muda wa kuanza na kumaliza, maneno, mstari mtupu, basi. Notepad inatosha, hifadhi kwa UTF-8. Sisi waandishi wa programu tunalalamika kwamba Kiswahili hakipo kwenye kompyuta, na kazi ya jioni kadhaa inatushinda.

Nimeanza. Krismasi iliyopita nilimwonyesha susu wangu Kitui sehemu niliyomaliza, nikimsomea kwa sauti kwa sababu macho yake hayafuati maandishi. Mama wa nyumba alipomfukuza yule shangazi mzee, susu aliniambia nisimamishe, akauliza: "Na huyo baba yao yuko wapi?"

Nimefika dakika ya 40. Kama unajua Kibengali, hata kidogo, niandikie.