Ubongo wa Mtoto Haungoji Kengele ya Shule

Kila mwaka wazazi huwafikisha watoto wao wa miaka minne katika madarasa ya chekechea, wengi wakiamini kwamba siku hiyo ndipo akili ya mtoto inapoanza kujengwa. Imani hiyo ina makosa, na makosa yenyewe yana gharama kubwa kwa taifa. Anayetaka ithibati na aitazame sehemu moja ya ubongo ambayo katika masomo ya baiolojia aghalabu hupewa mistari miwili mitatu tu, nayo ni serebelamu.

Serebelamu ni ule ubongo mdogo ulioko kisogoni, chini ya ubongo mkuu. Mwanafunzi hufunzwa kwamba kazi yake ni kuusawazisha mwili na kuratibu mienendo ya viungo. Huliandika jibu hilo katika mtihani, akapewa alama yake, akasahau. Asiloambiwa ni kwamba sehemu hii, ambayo ni takriban moja kwa kumi ya ubongo wote, ina seli neva nyingi kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa pamoja. Hesabu iliyochapishwa na watafiti wa Brazil mwaka 2009 ilionyesha kwamba kati ya seli neva bilioni 86 hivi zilizomo katika ubongo wa mtu mzima, bilioni 69 zimo humo. Karibu zote ni seli ndogo mno ambazo twaweza kuziita seli punje.

Je, umati huo hufikaje mahali pake? Hapo ndipo penye somo. Seli za kwanza huchipuka pembezoni mwa ubongo wa nyuma wakati mimba ingali changa, zikatambaa na kuufunika uso wa serebelamu mithili ya utando. Zikiwa huko juu, huzaana kwa wingi wa kustaajabisha. Chini yake zimo seli kubwa zenye matawi mengi, ziitwazo seli za Purkinje, ambazo hutoa protini ya kuzihimiza seli changa ziendelee kugawanyika. Jambo hilo lilibainishwa katika panya mwaka 1999.

Kisha huanza safari. Kila seli punje huacha uzi wake huko juu, nao mwili wa seli huteremka ukiambaa na nyuzi za seli egemezi, ukapenya katikati ya seli za Purkinje, hata ukatua chini yao. Huko ndiko linakoumbika tabaka la kudumu. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliuchunguza msafara huo kwa darubini mwishoni mwa karne ya 19, naye Pasko Rakic akaonyesha mwaka 1971, katika ubongo wa tumbili, jinsi seli zinavyoongozwa na nyuzi hizo.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni wakati. Kwa mwanadamu kazi hii hupamba moto katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na huendelea baada ya mtoto kuzaliwa. Ule utando wa juu hupungua polepole na kutoweka kati ya mwaka wa kwanza na wa pili wa maisha. Kwa hivyo, mtoto anapoketi kwenye kiti cha chekechea kwa mara ya kwanza, tabaka lenye seli neva nyingi kupita yote katika ubongo wake limekwisha kujengwa. Mwalimu amekabidhiwa nyumba ambayo hakushuhudia msingi wake ukichimbwa.

Na mambo yanayoweza kuuharibu msingi huo yanajulikana. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati huukosa ulinzi wa tumbo la mama serebelamu yake ikiwa katika ukuaji wa kasi kabisa. Upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi, ambazo mwili hauwezi kuziunda bila ayodini, huichelewesha safari ya seli punje, kama majaribio ya panya yalivyoonyesha. Pombe anayoinywa mama mjamzito nayo huidhuru serebelamu. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kurekebishwa kwa kitabu cha kiada au kwa ukali wa mwalimu.

Wahenga walinena kwamba udongo upatilize ungali maji. Twapenda kuutumia msemo huo tunapozungumzia nidhamu, ilhali twautekeleza udongo ukiwa umekwisha kuanza kukauka. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti huduma za afya, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Mambo hayo matatu yamo mikononi mwa mamlaka moja. Kwa nini basi kliniki ya wajawazito ihesabiwe kuwa jambo la idara moja, na chekechea kuwa jambo la idara nyingine zisizosemezana? Kaunti inayojivunia madarasa mapya huku wajawazito wake wakikosa lishe na huduma inapaka rangi kuta za nyumba isiyo na msingi.

Huenda msomaji akauliza: je, mtoto aliyekosa malezi hayo amepotea? La hasha. Kukamilika kwa tabaka la seli si kukamilika kwa elimu. Miunganisho baina ya seli huendelea kubadilika kwa mazoezi, na ndiyo maana hata mtu mzima hujifunza kuendesha baiskeli. Hivyo basi, mwalimu aonapo mtoto asiyeweza kushika kalamu sawasawa au anayejikwaa kila mara, asimwite mzembe. Amwongezee mazoezi na subira, na awashauri wazazi wampeleke kwa daktari.

Kwa walimu wa baiolojia nina ombi jingine. Serebelamu isifundishwe kama jina la kukaririwa, bali kama kazi ya ujenzi yenye majira yake. Wanafunzi walioko mbele yenu leo ndio wazazi wa kesho. Wakilielewa somo hili, watajua kwamba chumvi yenye ayodini, sahani ya mama mjamzito na ziara ya kliniki ni sehemu ya karo ya mtoto, nayo hulipwa mapema kuliko karo nyingine zote.