RAMANI KWANZA, MHURI BAADAYE: Msimamo wa Tawi kuhusu viwanja na barabara

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE*
*Tawi la Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi*



Ujumbe huu ni mrefu kuliko tulivyozoea. Tunakuomba uusome hadi mwisho kabla ya kuusambaza, kwa sababu unahusu nyumba yako na kiwanja unachotaka kumwachia mwanao.

Liko neno linalopendwa sana siku hizi: "Barabara kwanza, mambo ya viwanja baadaye." Linasemwa vijiweni, linasemwa kwenye mikutano, na sisi wanachama nasi tunalirudia kama vile ni hekima. Tawi linasema wazi: neno hilo ni mtego. Anayelipa gharama yake si mkandarasi wala dalali. Ni mwananchi aliyejenga kwa nguvu zake, kisha siku moja anakuta ukuta wake umechorwa alama ya X.

*1. WATU WAMEONGEZEKA, ARDHI HAIJAONGEZEKA*

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi tumekuwa zaidi ya mara mbili. Hakuna anayeishi wilaya hii asiyeliona jambo hilo kwa macho: mashamba yanageuka viwanja, na njia za ng'ombe zinageuka mitaa.

Wakati huohuo barabara zinakuja. Lami ya Tabora hadi Mpanda imekamilika. Bandari ya Karema imejengwa katika wilaya yetu hii, na mizigo ya kwenda na kutoka Kongo haiwezi kupaa angani. Itapita ardhini, katikati ya vijiji. Iwe barabara inapita mlangoni kwako au kijiji cha jirani, bei ya ardhi inapanda na madalali wanafika kabla ya greda.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kiwanja cha barabarani ndicho kinachouzwa haraka kuliko vyote, na ndicho cha kwanza kubomolewa.

*2. IJUE ALAMA YA X KABLA HAIJAFIKA KWAKO*

Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 zimeweka hifadhi ya barabara kuu na barabara za mkoa kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Kwa hiyo barabara ilipanuka kwenye karatasi kwa mita 7.5 kila upande, hata pale ambapo hakuna koleo lililogusa udongo.

Ndiyo maana kuna X za rangi mbili. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani. Huyo huambiwa "umeifuata barabara" na hapewi fidia. X ya kijani ni ya aliyekuwepo kihalali katika zile mita zilizoongezwa. Huyo "barabara imemfuata", na anastahili kulipwa pale eneo lake litakapohitajika.

Barabara za wilaya na za vijiji zilizo chini ya TARURA zina vipimo vingine, vidogo zaidi, kulingana na daraja la barabara. Kwa hiyo mtu anayekuuzia kiwanja kwa kuhesabu hatua za miguu kutoka kwenye mtaro anakuuzia kesi.

Msidhani haya ni ya mbali. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha. Wenye nyumba walieleza kwamba walikuwa na umeme, walikuwa na maji, na walikuwa wakiishi hapo miaka mingi. Jibu lilikuwa lilelile: mko ndani ya hifadhi. Kama watu wa Dar es Salaam, walio karibu na kila wizara na kila gazeti, hawakusikilizwa kabla ya tingatinga, sisi wa Sibwesa tunategemea nani atusikie baada ya tingatinga?

*3. MHURI WA KIJIJI SI CHAMBO*

Hapa tunasema kwa ukali, na tunawasemea viongozi wa chama chochote, wakiwemo wetu.

Mtu ananunua kiwanja. Anaandikiwa karatasi kwa mkono. Inagongwa mhuri, mashahidi wanasaini, ada inalipwa. Anajenga, na hakuna anayemzuia. Miaka michache baadaye anaambiwa amevamia. Tunauliza: mhuri ule ulikuwa wa nini? Ofisi haiwezi kuchukua ada Jumatatu na kumwita mtu mvamizi Ijumaa. Popote penye mtindo huo, huo ni udanganyifu wenye risiti.

Sheria haijatuacha yatima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji. Mdhamini si mwenye mali. Tena inaizuia halmashauri hiyo kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano mkuu ni wewe, ni mimi, ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa sheria, mkutano huo unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu.

Sasa tujiulize bila kuoneana haya: mara ya mwisho wewe mwanachama ulikaa kwenye mkutano mkuu hadi ajenda ya ardhi ikaisha ilikuwa lini? Kutaniko la chama tunajaa, tunaimba, tunavaa sare. Mkutano wa kijiji tunawaachia watu ishirini, kisha tunalalamika kwamba ardhi imegawiwa na watu ishirini.

Na neno kwa wale wanaodhani chama kitawakinga: kadi ya chama si kibali cha ujenzi. Mwanachama akijenga ndani ya hifadhi, nyumba yake itaanguka kama ya asiye mwanachama. Kiongozi wetu akiuza eneo la wazi la kijiji, tawi hili halitasimama nyuma yake.

*4. "MNAPINGA MAENDELEO"*

Tunajua tutaambiwa hivyo. Jibu letu ni fupi: tunaitaka barabara. Mama mjamzito anaihitaji barabara Januari, mvua ikiwa imekatiza njia, kuliko anavyoihitaji Agosti. Mkulima anayeuza mahindi kwa bei ya hasara kwa sababu lori haliwezi kufika hapingi barabara.

Tena barabara hizi tunazilipia. Tangu bajeti ya mwaka 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Kijana wa bodaboda analipa. Mama anayepeleka mahindi kwenye mashine ya dizeli analipa. Anayelipa ana haki ya kuuliza barabara itapita wapi, maji ya mitaro yatamwagwa kwa nani, na nani atahama.

Wanaosema mpango unachelewesha maendeleo watazame vijiji vya wilaya yetu hii. Mwese, Lwega, Katuma, Kapanga, Mpembe na vijiji jirani vinavyohifadhi misitu ya milima ya Ntakata vimepata mabilioni ya shilingi kutokana na biashara ya hewa ukaa, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Vilianzia wapi? Vilianza kwa kukaa kwenye mkutano na kupanga matumizi ya ardhi: hapa msitu, hapa mashamba, hapa malisho, hapa makazi. Mpango ndio ulioleta fedha. Bila mpango wasingekuwa na kitu cha kuonyesha wala cha kuuza.

Kama msitu ulistahili ramani, nyumba za watu hazistahili?

*5. BARABARA ISIYO NA KIVUKO NI NUSU BARABARA*

Lami ikifika, mwendo unabadilika siku hiyohiyo. Lori lililokuwa likitambaa kwenye mashimo litapita kwa kasi mbele ya shule. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, lakini sheria haisimamishi lori peke yake. Tuta linalisimamisha. Kibao na kivuko vinasaidia. Njia ya waenda kwa miguu inamtenga mtoto na gurudumu.

Vitu hivyo huwekwa kwenye mchoro kabla mkataba haujasainiwa. Baada ya hapo kila tuta ni maombi, barua na "tutalifanyia kazi". Kivuko kiombwe kwenye mchoro, kisiombwe kwenye msiba.

Vivyo hivyo kalavati na mitaro. Barabara ikiinuliwa bila njia ya maji, maji ya Novemba hadi Aprili yatageukia kwenye nyumba na mashamba ya walio chini. Wenyeji ndio wanaojua maji hupita wapi. Mhandisi aliyekuja mwezi Septemba anaona ukavu tu. Asipoambiwa na sisi, ataambiwa na mafuriko.

Na wafanyabiashara wa barabarani, kina mama wa nyanya na ndizi, vijana wa bodaboda, nao watengewe eneo tangu mwanzo. Kuwaacha wapange meza kwenye ukingo wa lami na kuwafukuza kwa virungu kila baada ya mwezi si mipango miji. Ni kukosa mipango, na kuwaadhibu wasio na kosa.

*6. TAWI LINADAI NINI*

(a) Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kwa ajenda moja ya ardhi na makazi. Isiwe ajenda ya saba chini ya "mengineyo".

(b) TANROADS na TARURA waombwe kwa barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji na diwani waje kuonyesha mipaka ya hifadhi za barabara, na alama za mipaka ziwekwe ardhini kila mtu azione.

(c) Mpaka alama hizo zitakapowekwa, mauzo yote ya viwanja vya kando ya barabara yasigongwe mhuri. Hili ndilo dai letu kuu: *ramani kwanza, mhuri baadaye.*

(d) Mpango wa matumizi ya ardhi ubandikwe ukutani pa ofisi ya kijiji: makazi, shule, zahanati, soko, makaburi, malisho, njia za mifugo. Mpango uliofungiwa kabatini ni siri ya watu wachache.

(e) Atakayehamishwa kihalali alipwe kabla ya kubomolewa. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Fidia si bei ya matofali tu. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini hudumu miaka miwili, na fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inadaiwa riba.

*7. KAZI YA KILA MWANACHAMA*

Kwanza, usinunue wala usiuze kiwanja cha barabarani mpaka mipaka ionyeshwe. Kama umeshanunua, tunza karatasi zako zote, hata ile iliyoloa.

Pili, mthamini akija, uwepo mwenyewe. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa, kila mti na kila chumba kimehesabiwa, na ubaki na nakala. Usisaini fomu ambayo haijajazwa. Wajane na vijana waliorithi wasaidiwe na wanachama wa kitongoji chao, maana jina la marehemu kwenye karatasi limewakosesha wengi haki yao.

Tatu, kila balozi na kila mjumbe alete watu kumi kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji. Tusije na kelele. Tuje na maswali matatu, na tukae mpaka yajibiwe na kuandikwa kwenye muhtasari: Hifadhi ya barabara inaishia wapi? Nani ameuziwa nini kando yake, kwa idhini ya mkutano upi? Maji na watoto watapita wapi?

Nne, yeyote atakayekuja kwa tawi hili kuomba kuungwa mkono kwa nafasi ya kitongoji, kijiji au udiwani, ataulizwa kwanza kuhusu ardhi. Atakayejibu "tusubiri barabara" atakuwa ameshajibu.

Ndugu wanachama, barabara itakuja. Mvua haitaizuia na sisi hatutaizuia. Linalobaki mikononi mwetu ni kama itatukuta tumejipanga, au itatukuta kila mmoja na karatasi yake yenye mhuri, akikimbia peke yake kutafuta wa kumlilia.

Msome, mjadiliane, mfike mkutanoni.

*Imetolewa na Idara ya Uenezi, Tawi la Sibwesa.*
_Tafadhali sambaza kama ulivyo. Usikate sehemu, usiongeze neno._