Machozi na Subira

Wengi wetu, tufikwapo na msiba, hudhani kuwa kulia ni kumnung'unikia Mwenyezi Mungu. Sivyo. Mwaka wa 10 wa Hijra, huko Madina, Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, angali ananyonya. Alimpakata akikata roho, na machozi yakamtoka. Lakini ulimi wake haukutamka ila la kumridhisha Mola. Siku ile jua likapatwa, watu wakasema limemlilia mtoto. Mtume akawakanya: jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu. Basi, ndugu zetu, mfiwapo lieni, wala msiseme mmedhulumiwa. Kilichotwaliwa kilikuwa amana, na Mwenye amana hadhulumu aichukuapo.