Haki ya kusikilizwa isigeuzwe tishio

Haki ambayo mtu hawezi kuidai bila kuadhibiwa kwa kuidai haistahili kuitwa haki. Hapo ndipo mfumo wa jinai wa Marekani ulipofika. Katiba ya nchi hiyo, katika Marekebisho ya Sita yaliyoidhinishwa mwaka 1791, inampa mshtakiwa wa jinai haki ya kusikilizwa hadharani na bila kucheleweshwa, mbele ya jopo la raia wasioegemea upande wowote. Hata hivyo, mwaka 2012 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Anthony Kennedy, ilieleza kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika mahakama za majimbo, zinatokana na washtakiwa kukiri makosa. Wengi wao hukiri baada ya mapatano kati ya mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi, na kazi ya jaji huwa ni kuyapitisha. Kukiri kosa si jambo baya. Mwenye hatia anayekubali alichotenda anastahili kuhurumiwa. Kinachoniudhi ni adhabu ya ziada inayomsubiri yule anayethubutu kusema, “Nithibitishieni.”

Kesi ya Paul Hayes wa Kentucky inaonyesha jambo hilo waziwazi. Alishtakiwa kwa kutumia hundi ya kughushi ya dola 88.30, kosa lenye kifungo cha miaka miwili hadi kumi. Mwendesha mashtaka alimwambia akikiri ataomba afungwe miaka mitano. Akikataa, atafunguliwa shtaka chini ya sheria ya wahalifu wa kurudia, ambayo adhabu yake ilikuwa kifungo cha maisha. Hayes alikataa, akasikilizwa, akapatikana na hatia, akahukumiwa maisha. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba Katiba haikuvunjwa. Tofauti kati ya miaka mitano na maisha haikutokana na ukubwa wa kosa wala na ushahidi mpya, maana rekodi yake ya zamani ilijulikana tangu mwanzo. Ilitokana na yeye kutumia haki aliyopewa na Katiba.

Nguvu hiyo ya mwendesha mashtaka imejengwa na sheria zenyewe. Ndiye anayechagua mashtaka, na pale Bunge linapopanga adhabu ya chini kabisa kwa kosa fulani, kuchagua shtaka ni karibu sawa na kuchagua kifungo. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1986, kwa mfano, iliweka vifungo visivyopungua miaka mitano au kumi kulingana na uzito wa dawa zilizokamatwa, hata jaji aone vipi. Kwa hiyo mwendesha mashtaka anaweza kufanya kama muuzaji anayepandisha bei ili apate pa kushusha: anaanza na shtaka zito, kisha anauza nafuu. Mshtakiwa naye hupiga hesabu ya miaka, na swali la kama kweli alitenda kosa linabaki pembeni.

Watetezi wa utaratibu huu husema hakuna anayelazimishwa, na kwamba asiye na hatia hawezi kukiri. Yaliyotokea Kaunti ya Harris, Texas, yanakanusha dai hilo. Watu walikamatwa kwa tuhuma za dawa za kulevya kwa kutegemea kipimo cha haraka cha polisi barabarani, wakakiri, wakafungwa. Baadaye maabara ilipopima vitu vilivyokamatwa, ilikuta havikuwa dawa haramu. Kwa nini walikiri? Kwa sababu mtu asiye na fedha za dhamana, aliyeko mahabusu huku kazi na kodi ya nyumba vikimponyoka, akiambiwa akikiri atatoka baada ya wiki chache na akipinga atakaa miezi akisubiri kesi, atachagua kwenda nyumbani. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hapa unyonge wake ndio uliozaa ushahidi dhidi yake.

Hoja nzito zaidi ni kwamba bila mapatano haya mahakama zingezidiwa na kesi. Haifai kupuuzwa, kwani majaji ni wachache na waathiriwa nao wanataka kesi ziishe. Lakini Alaska ilijaribu. Mwaka 1975 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Avrum Gross, aliwapiga marufuku waendesha mashtaka kufanya mapatano. Kesi zilizosikilizwa kikamilifu ziliongezeka, lakini mahakama hazikusambaratika, na washtakiwa wengi waliendelea kukiri bila kuahidiwa chochote. Wala si lazima kufika huko. England na Wales humpunguzia anayekiri mapema adhabu kwa theluthi moja tu, na punguzo hushuka hadi sehemu moja ya kumi akikiri siku ya kusikilizwa. Mwenye hatia ana sababu ya kukiri, naye asiye na hatia hatishwi kwa kifungo cha maisha.

Jambo hili linatugusa. Kenya iliingiza makubaliano ya kukiri kosa katika sheria yake mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2019. Yanaweza kupunguza mlundikano wa kesi na kurejesha mali iliyoibwa. Lakini mahali ambapo mtu anaweza kukaa rumande kwa kosa lisilo na dhamana, kama lilivyokuwa kosa la utakatishaji fedha Tanzania sheria hiyo ilipopitishwa, mazungumzo hayo hayafanyiki kati ya watu wawili walio huru. Uzoefu wa Marekani unatufundisha cha kudai: sheria itaje kikomo cha nafuu anayopewa anayekiri; mwendesha mashtaka azuiwe kuongeza shtaka kwa sababu tu mshtakiwa amekataa kukiri; na jaji aukague ushahidi wenyewe, si saini ya mshtakiwa pekee. Masharti hayo yakikosekana, tutakuwa tumeiga kasi ya Wamarekani pamoja na dhuluma yao.