Kosa Si la Ushanga, ni la Mshono

Majuzi safari yangu ilinifikisha Siakago, kwa Wambeere, upande wa chini wa Embu ambako jua haliombi ruhusa. Mji huu zamani ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Mbeere, na leo mgeni akishuka garini, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni muguka. Mimi sikufuata muguka. Nilifuata vyondo, nikarudi na jambo la shanga ambalo nimeona si haki kulinyamazia.

Kivulini mwa duka walikaa akina mama wanne. Watatu walikuwa wakisuka vyondo vya mkonge. Wa nne alikuwa amepakata sinia yenye shanga nyeusi, nyekundu, za kijani na nyeupe, akitengeneza bangili za bendera yetu. Ubavuni mwake palikuwa na fungu la bangili zilizokwisha lakini hazina mwenyewe. Mchuuzi aliyeziagiza alimpa vitu viwili: mchoro katika karatasi ya miraba kama ile ya hesabu, na bangili moja ya mfano, akamwambia afuate vyote viwili. Kazi ilipokwisha akasema mikuki imevunjika na ngao imeota meno. Akalipa nusu, akaenda zake.

"Nimehesabu, mzee," mama akaniambia. "Kila mraba ushanga mmoja. Hakuna niliouruka." Nikaketi nikahesabu nami. Kweli, hakuna alioruka.

Basi kosa liko wapi? Liko mahali ambapo sisi watazamaji hatutazami: katika mshono.

Iko kazi ambayo kila ushanga hukaa sawasawa juu ya mwenziwe na ubavuni mwa mwenziwe, kama miraba ya ile karatasi. Kazi hiyo hufanywa kwenye fremu yenye nyuzi zilizotandwa, au kwa sindano, ushanga mmoja mmoja. Mstari wa kwenda mbele hunyooka, na wa kusimama hunyooka. Lakini mstari wa mshazari haukubali. Hupanda ngazi, hatua moja pembeni, hatua moja juu.

Iko kazi nyingine ambayo ushanga hukaa katikati ya shanga mbili za chini yake, kama fundi apangavyo matofali ya ukuta. Hapa mshazari huteremka laini kama ukingo wa jahazi. Mstari wa kufuata safu hunyooka, lakini wa kuzikata safu hutoka na meno kama ya msumeno, kwa kuwa hakuna ushanga uliosimama sawasawa juu ya mwenziwe.

Sasa itazame bendera tuliyoipandisha mwaka 1963. Ina mapande matatu, nyeusi, nyekundu na kijani, yaliyotengwa kwa mistari myeupe. Hayo yataka mnyoofu. Juu yake pana mikuki miwili iliyopishana. Hiyo yataka mshazari. Mchoro wa mchuuzi ulikuwa wa miraba, na bangili yake ya mfano ilikuwa ya matofali. Mama alipouhamisha mchoro ule mraba kwa mraba, mkuki uliotakiwa kusogea ushanga mmoja kila safu ukawa unasogea nusu hapa, mmoja na nusu pale. Ndiyo maana ulionekana umevunjika. Ubavu wa ngao, uliokuwa wima katika karatasi, ukaota meno. Mama hakukosea hata ushanga mmoja. Aliyekosea ni aliyempa kipimo cha nguo moja ashone nyingine.

Na hata ushanga wenyewe si duara kamili. Mara nyingi unene wake unazidi urefu wa tundu lake. Kwa hiyo duara moja, kwa hesabu ile ile, katika kazi ya miraba yaweza kutoka kama yai lililosimama, na katika ya matofali, ambapo matundu hutazama juu, kama yai lililolala. Na ukiisuka kwa kazi ya tatu, ile ya wavu yenye nafasi wazi, pambo hulegea na kuninginia, na picha ndogo hupotea kabisa. Wavu ni wa kupendeza shingoni, si wa kuchorea ngao.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitufunza kwamba herufi ya Kiarabu haina sura moja. Ikiwa mwanzo wa neno ina sura yake, katikati ina nyingine, mwisho ina nyingine. Jirani yake ndiye huiamulia. Ushanga ni vivyo hivyo. Wale akina mama watatu wa vyondo wanalijua hilo bila chuo: nyuzi zao mbili hupishana zikizunguka kutoka kitako kwenda juu, na kwa hiyo rangi za kiondo hupenda kuzunguka kama pete. Mikeka yetu ya ukili nayo husukwa kwa chane za mshazari, na mapambo yake hukimbilia mshazari. Msuko huchagua pambo kabla ya msukaji.

Sisi watu wa Pwani tuna lawama yetu katika jambo hili. Shanga za kioo zilipita mikononi mwetu karne nyingi kwenda bara. Richard Burton, aliyefika Unguja katika miaka ya 1850, aliandika kwamba shanga za biashara zilikuwa za namna kama 400. Tulizijua kwa rangi, kwa ukubwa na kwa bei. Kilichofanywa nazo zilipofika kwa wenyewe hatukuuliza. Na hata leo sisi waandishi, tukieleza kazi ya shanga, twasema nyekundu maana yake hivi na nyeupe maana yake vile, kana kwamba shanga zimejimwaga zenyewe zikashikana. Nami nimeandika hivyo zaidi ya mara moja.

Rai yangu ni hii. Mwenye kuagiza kazi ataje mshono kabla ya kutaja rangi, na mchoro wake uwe wa mshono huo. Kazi ya matofali ichorwe kwa karatasi ya matofali. Pili, bei ifuate mshono. Kwenye fremu uzi mmoja huvusha safu nzima kwa mara moja. Kwa sindano ya mkononi kila ushanga una safari yake. Kulipa kazi hizi mbili bei moja kwa sababu bangili zina upana mmoja ni dhuluma. Tatu, wanaofunza watoto kazi za mikono wawafunze mishono kwa majina, wala wasiwafunze kunakili picha tu.

Nilinunua bangili mbili katika lile fungu, kwa bei kamili. Moja ninayo mkononi niandikapo haya. Mikuki yake kweli imevunjika, na kila aniulizaye namweleza ni nani aliyeivunja.

Ushanga ni kama neno, halitoshi peke yake,
Lataka na mshikano, na jirani lishikike,
Uzi ndio mapatano, usivute ukatike,
Mlipeni mwanamke, kwa mshono si mfano.