Kamera ya Filamu na Suala la Uaminifu: Mtazamo kutoka Ndhiwa

Vijana wa mijini, wa Nairobi wakiwemo, wameanza kuzirudia kamera za filamu ambazo wazazi wao waliziweka kando. Sababu inayotolewa aghalabu ni moja: filamu haisemi uongo. Picha ya simu, wanadai, hupigwa mara mia na kufutwa mara tisini na tisa, uso ukalainishwa na anga ikapakwa rangi, ilhali filamu huupokea mwanga jinsi ulivyo na kuuhifadhi. Hoja hii ina mvuto. Hata hivyo, imeuweka uaminifu mahali pasipo pake, nayo kamera inasifiwa kwa wema ambao haukuwa wake.

Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, ni mahali pafaapo kutazamia jambo hili. Kabla simu zenye kamera hazijaenea katika nchi hiyo ya miwa, toka Kanyamwa hadi Kabuoch, picha ililetwa na mtu. Mpiga picha wa mashambani alikuja kwa baiskeli, kamera begani, na ndani yake filamu ya picha 36. Kila picha ilikuwa fedha. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyepigwa picha bila kusudi: ndoa, ubatizo, mwana aliyefaulu mtihani, ndugu aliyerudi kutoka kazini, matanga. Mpigwaji alichagua siku, akachagua nguo na mahali pa kusimama, kisha akatoa arubuni. Baada ya hapo alingoja. Filamu ilipaswa kwisha kwanza, ndipo ipelekwe mjini kusafishwa, majuma yangepita. Wakati mwingine mpiga picha alirejea na habari kwamba filamu imeungua. Wapo walioungukiwa kweli, na wapo ambao arubuni ndiyo iliyoungua. Basi uaminifu haukupimwa kwa dawa za chumba cha giza. Ulipimwa kwa ile baiskeli: je, ilirudi?

Wala picha zenyewe hazikuwa za ukweli mtupu kama inavyodhaniwa sasa. Koti liliazimwa, saa ikaazimwa, redio ikawekwa mezani hata kama haikuwa na betri. Huko Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993) alijulikana kwa picha alizozikata na kuziunganisha kwa ustadi mkubwa. Hakudanganya mtu. Mteja alijua, jirani alijua, na koti la kuazima lilitangaza tamaa ya mwenyewe waziwazi.

Kinyume chake, picha isiyoguswa hata kidogo yaweza kukosa uaminifu. Mwaka wa 1936, mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alipiga picha miongoni mwa Waluo. Negativu zake zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers, mjini Oxford, na hakuna anayedai kwamba zilichezewa. Lakini ilibidi kungoja hadi mwaka wa 2007 ndipo Gilbert Oteyo na Christopher Morton wakarudisha nakala Nyanza na kuzionyesha kwa wenyeji, katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyatafakari ya kale. Miaka sabini! Mpiga picha wa baiskeli aliyekawia miezi mitatu angetukanwa sokoni.

Kwa mtazamo huu, kijana anayenunua kamera kuukuu ili awe mkweli amenunua chombo tu. Akiwapiga wakata miwa wa Ndhiwa barabarani, akaenda zake na asirudi, negativu zake hazitamwokoa. Na anayetumia simu, akaomba ruhusa, akaeleza kusudi na kurudi na nakala ya karatasi, ndiye mrithi halisi wa wazee wale.

Kuna jambo jingine, na hili halina muda mrefu. Wapiga picha wa enzi ya filamu wanazeeka, wengine wamekwisha kufa. Negativu hazili chakula, lakini hula nafasi. Mwenyewe akizikwa, sanduku lake ni takataka kwa asiyejua lililomo. Familia nyingi hulitambua hilo siku ya msiba, inapotafutwa picha ya kuweka juu ya jeneza na kupatikana ile ya kitambulisho tu, iliyokuzwa mpaka macho yamekuwa vivuli. Wanafunzi wa fasihi simulizi huenda vijijini na vinasa sauti kukusanya ngano na nyimbo za mazishi, wakaketi chini ya picha zilizotundikwa ukutani pasipo kuuliza lolote. Ilhali kila moja ina masimulizi yake: nani aliazima koti la nani, nani alikatwa kwa mkasi, na kwa nini.

Waulize. Waombe kuliona sanduku, mwenyewe akiridhia, na negativu zichapishwe upya. Nakala ya kwanza ipelekwe kwa mwenye sura au kwa jamaa zake. Ya maktaba ya chuo ije baadaye.