Vyura Wanaozaa na Wajibu Wetu Watu wa Taita

Ndugu zangu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, mwezi wa Novemba 2025 wanasayansi walitangaza aina tatu mpya za vyura kutoka milima ya Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania. Vyura hao hawatagi mayai, wanazaa. Wengi wetu tuliipokea habari hiyo kama kioja, tukastaajabu, tukaendelea na shughuli zetu. Nawasihi tuirudie, kwa maana inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Chura tuliyemzoea, huyu anayepiga kelele madimbwini mvua inapoanza, hutaga mayai majini, na viluwiluwi hukulia humo. Vyura wa milima ile wana njia nyingine. Mayai hutungishwa ndani ya mwili wa jike, naye huyabeba mpaka kila mtoto amekwisha kupita hatua zote za kugeuka, kisha huzaa vyura wadogo waliokamilika, mara nyingine zaidi ya mia moja kwa uzao mmoja. Gustav Tornier aliueleza uzazi huu huko Berlin mwaka 1905, akiwa na vyura waliochukuliwa kutoka koloni la Wajerumani, Tanzania Bara ya leo. Ili kuzitofautisha aina hizi tatu, watafiti walilazimika kuchunguza chembe za urithi za vyura waliohifadhiwa kwenye chupa za makumbusho, baadhi yao kwa zaidi ya miaka 120. Nafurahi kwamba miongoni mwa waliofanya kazi hiyo yumo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu si haki viumbe wa milima yetu wajulikane Ulaya na wasijulikane kwao.

Mtu anaweza kusema kwamba mnyama asiyehitaji dimbwi ili azae amejikomboa, hata msitu ukikatwa atapona. Si hivyo hata kidogo. Ngozi ya chura ni nyembamba, hupitisha maji na hewa, na ikikauka yeye hufa. Anayezalia nchi kavu anategemea ukungu wa asubuhi, kivuli cha miti mikubwa na majani yanayooza chini yake. Chura wa bondeni akiharibiwa dimbwi lake huenda akapata lingine. Wa kileleni hana pa kukimbilia, kwani akishuka anakutana na joto la nyika. Ndiyo sababu karibu kila mlima una viumbe wake wasiopatikana penginepo, na ndiyo sababu kufyeka kipande kidogo cha msitu wa mlimani kunaweza kufuta aina nzima duniani.

Tanzania wameliona hilo kwa macho. Mwaka 1996, kwenye maporomoko ya Kihansi huko Udzungwa, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya manjano, naye ni wa ukoo huo huo wa wanaozaa. Aliishi penye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache. Bwawa la umeme lilipoyachepusha maji, manyunyu yakapungua. Yakawekwa mabomba ya kunyunyiza, kisha ugonjwa wa kuvu ukawaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka katika makazi yake ya asili. Kilichomwokoa ni kwamba vyura 499 walikuwa wamesafirishwa hadi Marekani kulelewa huko, na uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Kihansi umejengwa kwa ndege, maabara na mabomba. Hata hivyo Kihansi walibahatika, maana chura huyo ana ndugu mwingine wa Udzungwa aliyepatikana mwaka 2003 na hajaonekana tena tangu hapo.

Sasa tujitazame sisi. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ile ile, Milima ya Tao la Mashariki, na Kenya haina sehemu nyingine ya safu hiyo isipokuwa hii yetu. Hatuna chura anayezaa, lakini tumejaliwa maajabu yasiyopungua hayo. Mwaka 2009 alielezwa chura wa misitu yetu aliyepewa jina la Dawida, ambaye watoto wake hutoka kwenye mayai wakiwa vyura kamili bila kupitia majini. Tuna pia jamaa wa vyura wasio na miguu, wanaoishi udongoni na kufanana na nyungunyungu, ambao pengine umewahi kuwafukua kwa jembe ukadhani ni nyoka. Mwaka 2006 watafiti walithibitisha kwamba mama wa aina moja ya hawa wa Taita hunenepesha ngozi yake anapolea, na watoto huibambua kwa vijino vyao na kuila. Mama huyo hukonda ili watoto wanenepe, kama mzazi wa mwaka wa njaa anayeusogeza ugali wake upande wa watoto. Na Sagalla, mlima ambao sisi wa Voi tunauona kila tukifungua mlango, una aina yake peke yake, iliyotambuliwa mwaka 2005. Katika kuwaeleza huyu wa Sagalla na chura wa Dawida alishiriki Mkenya mwenzetu, Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa.

Na makazi yao tumeyafanyaje? Ngangao, Mbololo, Chawia na Vuria yamebaki vipande vya msitu vilivyozungukwa na mashamba. Sagalla, sehemu kubwa ya msitu wa asili iliondolewa ikapandwa miti ya kigeni, hasa mikaratusi, inayokunywa maji mengi na kuacha udongo mkavu, mgumu. Wazee wetu walikuwa na fighi, misitu mitakatifu ambayo hakuna aliyethubutu kuingia na shoka. Tulipozipokea dini tuliiacha hofu ya fighi, na ulinzi wake ukaondoka nayo. Ningependa kusikia wahubiri wa makanisa na misikiti yetu wakiurudisha ulinzi huo kwa jina la Muumba, maana hakuna dini hata moja kati ya hizi iliyotuagiza kuangamiza alichokiumba.

Najua nitaulizwa, je, tule vyura? Tembo wa Tsavo wanamaliza mahindi, karo inadaiwa, mkaratusi hukua upesi na nguzo zake zina soko. Swali hilo ni la haki, na sitamlaumu mtu anayelisha nyumba yake. Lakini viumbe hawa wa udongoni hawatudai tuhame. Hukaa hata shambani, chini ya migomba, mahali penye udongo laini, mbolea ya samadi na majani yaliyoachwa yaoze. Shamba la namna hiyo ndilo linalompa mkulima mazao jua linapokaza. Na ukungu unaonaswa na miti ya Taita ndio unaolisha chemchemi, na maji ya milima hiyo ndiyo yanayoteremka kuwa Mto Voi.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Ni jambo jema, ila mkaratusi nao huhesabiwa kuwa mti. Kwa hiyo tusiridhike na idadi ya miche. Kaunti na Shirika la Misitu waoteshe miti ya asili ya Taita, na kila mwaka sehemu ya mikaratusi iliyo vileleni na penye vyanzo vya maji iondolewe na nafasi yake ipewe miti hiyo. Mwenye shamba anayetaka nguzo na apande mikaratusi yake mbali na chemchemi na kingo za mito. Walimu wa Sagalla na Mbololo, wapelekeni wanafunzi migombani wakamwone mnyama huyu asiye na miguu kwa macho yao, wamtofautishe na nyoka, wamrudishe udongoni akiwa hai. Na vyama vya jamii vya misitu vianze kukusanya mbegu sasa, kabla ya mvua za vuli.